Ukiwa Peke Yako Kwenye Baiskeli, Masikio Yasikilize Nini?

Kila bumu likiingia, baiskeli huongezeka hapa Mlimani. Na kila zikiongezeka, swali ni lile lile, nimeshaulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niliandikie kabisa: ukiwa unaendesha peke yako, uweke muziki au uache masikio wazi?

Wengi hulijibu kwa ladha. Mmoja atakwambia Barabara ya Sam Nujoma haivumiliki bila muziki. Mwingine atajibu kwamba muziki ni wa watu wasioweza kukaa na mawazo yao wenyewe. Ubishi unaishia hapo, kila mtu na lake. Mimi naona ladha ingesubiri kwanza. Tuanze na kujua masikio yanafanya kazi gani ukiwa juu ya baiskeli, maana ipo kazi wanayoifanya ambayo kiungo kingine hakiiwezi.

Nianze kwa kuwatetea wapenda muziki, kwa sababu mara nyingi hawatendewi haki. Wanaposema muziki unawasukuma hawajidanganyi. Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres alichapisha vipimo alivyochukua kwenye mashindano ya baiskeli ya siku sita huko New York. Ukumbini palikuwa na bendi, ikipiga na kupumzika, ikipiga na kupumzika, naye akawa anapima muda. Bendi ikipiga, waendeshaji walikwenda wastani wa kilomita 31 na kitu kwa saa. Ikinyamaza, walishuka chini ya 29.

Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 2010, watafiti wa Liverpool nchini Uingereza waliwapandisha wanafunzi 12 kwenye baiskeli za ndani, zile zisizokwenda popote. Wakawapigia muziki ule ule mara tatu siku tofauti: wa kawaida, ulioharakishwa kwa asilimia 10, na uliopunguzwa kasi kwa asilimia 10. Wanafunzi hawakuambiwa. Muziki ulipoharakishwa, nguvu ya miguu ilipanda kwa asilimia 3 na nusu hivi. Ulipopunguzwa ilishuka karibu asilimia 10. Yaani miguu ilifuata wimbo bila mwenye miguu kujua.

Ukitaka kuona jinsi hilo linavyokwenda, piga hesabu ndogo. Mwendeshaji wa kawaida huzungusha pedali kama mara 60 kwa dakika. Kila mzunguko una mikanyago miwili, wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo mikanyago ni 120. Amapiano nyingi zinatembea kwenye mapigo 110 na kidogo kwa dakika, basi zinakaa karibu kabisa na miguu ya mtu anayekwenda taratibu. Singeli ni habari nyingine. Singeli inapita 200, nyingine zinakaribia 300, na hakuna mguu wa binadamu wa kawaida utakaokanyaga kila pigo. Ndiyo maana anayeendesha na singeli hasukumwi na mapigo. Anasukumwa na mzuka tu, na mzuka una kawaida ya kuisha kabla ya Mwenge.

Sasa, muziki unafanyaje kazi? Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amelitafiti jambo hili kwa miaka mingi, na maelezo yanayokubalika ni kwamba umakini wa ubongo una nafasi finyu. Taarifa za uchovu kutoka kwenye mapaja, mapafu na moyo zinagombania nafasi hiyo. Muziki ukiingia, unachukua sehemu yake, na uchovu unapungua kusikika. Hii ni kwa juhudi za wastani. Ukianza kupanda mlima wa kuingia chuoni huku umechelewa kipindi, mwili unapiga kelele kubwa kuliko wimbo wowote, na muziki hausaidii sana.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Muziki hukusaidia kwa kukuibia umakini. Lakini hauchagui cha kuiba. Nafasi ile ile iliyokuwa inapokea taarifa za uchovu ndiyo iliyokuwa inapokea taarifa za barabara. Kwa hiyo mtu anayesema "naweka sauti ndogo, nasikia kila kitu" ana ukweli nusu. Sauti ya honi inaweza kufika sikioni vizuri kabisa, ikakuta aliyemo ndani yuko kwenye kiitikio.

Kwenye baiskeli ya ndani hilo halina madhara, nyuma yako kuna ukuta. Barabarani nyuma yako kuna Dar es Salaam.

Macho yako yanaona mbele na pembeni. Baiskeli nyingi za hapa hazina kioo. Ukigeuka kuangalia nyuma, mabega yanageuka, usukani unafuata, na baiskeli inapinda kuelekea upande uliogeukia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukigeukia kulia unajisogeza kwenye njia ya gari lile lile unaloliogopa. Kwa mwendesha baiskeli, sikio ndilo kioo cha nyuma.

Chukua gari linalokuja nyuma yako kwa kilomita 80 kwa saa, kama yanavyokuja ukishaipita Bunju kuelekea Bagamoyo. Linakula mita 22 kwa sekunde. Wewe unakwenda 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde. Pengo linapungua kwa mita 17 kila sekunde. Ukilisikia likiwa mita 100 nyuma, unazo kama sekunde sita. Kwa sekunde sita unaweza kuangalia shimo lililoko mbele, ukaamua utalipita upande gani, ukanyoosha mkono dereva akuone. Tuseme sasa una muziki na unalisikia likiwa mita 30. Hazifiki sekunde mbili, na sehemu yake inaisha kwenye kushtuka. Mtu aliyeshtuka kwenye baiskeli kwanza anayumba.

Na sikio halikuambii tu kwamba kuna gari. Likishazoea linakusomea habari nyingi. Gari dogo likizidi kilomita 40 au 50 kwa saa, unachokisikia zaidi ni tairi na lami, siyo injini. Ni mvumo unaopanda. Lami ikiwa na maji, mvumo unageuka kuwa mchakato. Lori lililojaa mchanga linajulikana kwa jinsi linavyobadilisha gia, na lori tupu linajulikana kwa bodi linavyogongana na chesesi. Bodaboda unaisikia mapema kwa mlio wa juu. Bajaji ina ule mtetemo wake. Halafu kuna mwenendo: sauti inayopanda kisha ikabaki pale pale ni gari linalokusubiri, dereva amekuona. Sauti inayopanda moja kwa moja bila kupungua ni dereva ambaye ama atakupita kwa mbali, ama hajakuona kabisa. Hapo jiandae kutoka.

Sauti ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kokoto. Kila mkazi wa Dar anajua kutanua: foleni imesimama, mtu anaiacha lami na kupita pembeni kwa kushoto, penye waenda kwa miguu na sisi wa baiskeli. Aliyetanua hatoi mvumo wa tairi kwenye lami. Anatoa mchakacho wa changarawe, nao unatoka nyuma yako upande wa kushoto, upande ambao kwa sheria hakuna gari linalotakiwa kuwepo. Asubuhi moja karibu na Tegeta niliusikia mchakacho huo, nikasimama na kuinua mguu kwenye ukingo. Daladala ikapita pale nilipokuwa natarajia kuwa baada ya pumzi moja. Konda akaniambia, "Sogea, bro!" Kwa upole kabisa, kama mtu anayekuomba umpishe mlangoni.

Sikio linajuaje kushoto na kulia? Sauti ikitokea kulia inafika sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaishika. Mbele na nyuma ni pagumu zaidi, kwa sababu sauti ya mbele na ya nyuma zinafika masikio yote mawili pamoja. Hapo ubongo unategemea mikunjo ya sikio la nje, inayoibadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka. Sasa chomeka zile spika za masikioni zinazozama ndani ya tundu. Umeziba tundu na umepita mikunjo yote. Hata ukizima muziki, bado umejipunguzia.

Kuna watu hujibu hivi: mbona viziwi wanaendesha baiskeli, tena vizuri? Kweli wanaendesha, na ni jibu zuri kuliko linavyoonekana. Kiziwi amejijengea mazoea ya mtu asiyesikia. Anaangalia nyuma kabla ya kusogea hata nusu mita, anasoma vivuli, anafunga kioo, anachagua njia. Mwenye muziki amefunga masikio lakini amebaki na mazoea ya mtu anayesikia. Akitaka kukwepa shimo anakwepa tu, kwa sababu miaka yote ubongo wake ulikuwa ukimwambia "nyuma hakuna kitu" kwa kutumia ukimya. Sasa ukimya huo hauna maana yoyote, na yeye bado anauamini.

Jibu la pili ni la wenye hasira: mbona wenye magari wamefunga vioo na redio juu? Hoja hiyo naielewa, ila wao wana vioo vitatu na bati pande zote.

Njia ya katikati ambayo wengi wanaitumia ni kuweka sikio moja. Inastahili kuangaliwa kwa makini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, nchi ambayo kila mtu ana baiskeli, waliwapima waendeshaji wakiwa na muziki kwa namna mbalimbali. Matokeo waliyochapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba spika zinazozama ndani ya sikio ndizo zilizoharibu usikivu zaidi, mpaka sauti kubwa zikapitwa. Waliotumia spika ya kawaida kwenye sikio moja walisikia karibu sawa na wasio na muziki. Kwa hiyo sikio moja lina utetezi. Lakini kumbuka habari ya kushoto na kulia: kwa sikio moja utasikia kwamba kuna gari, usijue vizuri liko wapi. Na ukiamua hivyo, hapa kwetu acha wazi sikio la kulia, kwa kuwa magari yanakupita kulia. Nimewaona wengi wanafanya kinyume, nadhani kwa sababu waya wa simu unakaa vizuri zaidi mfuko wa kulia. Tatizo la wanaotanua linabaki palepale.

Ufaransa hawakutaka mjadala. Tangu Julai 2015 wamepiga marufuku spika za masikioni kwa madereva na waendesha baiskeli, na faini yake ni euro 135.

Spika ya kufunga kwenye usukani ina afadhali kwa upande mmoja, masikio hayajazibwa. Ila ili uisikie ukiwa katikati ya magari lazima uipandishe, na ukifika njia ya Changanyikeni saa kumi na mbili asubuhi mtaa mzima unajua ladha yako. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Kuna kundi lingine ambalo limenishangaza. Ni wale wanaopakua sauti za asili, mvua ya saa nane, mawimbi, msitu, wakazizoea kwenye kujisomea msimu wa mitihani, kisha wakatoka nazo barabarani wakidhani ni salama kuliko muziki kwa vile zimepoa. Ukweli ni kinyume. Wimbo una mapengo: ngoma inapiga, inaacha, mwimbaji anavuta pumzi. Katika mapengo hayo sauti ya nje inapenya. Mvua ya kurekodiwa haina pengo. Ni mchanganyiko wa sauti za juu na za chini usiokatika, na umekaa mahali pale pale panapokaa mvumo wa tairi. Ukitaka kitu cha kufunika sauti ya gari, huwezi kupata kizuri kuliko mvua. Kwa hiyo kama ni lazima uchague kati ya taarabu na mvua ya bandia ukiwa barabarani, chukua taarabu.

Pia tusiyasifie masikio kupita kiasi. Upepo nao ni kelele. Ukishuka mlima kwa kasi, hewa inazunguka ukingoni mwa sikio na kutoa mngurumo unaofunika mengi. Geuza kichwa kidogo, sikio moja linatulia kwa muda. Nami nimezoea kufanya hivyo kabla ya kuhama upande, halafu ndipo naangalia. Na pikipiki za umeme zimeanza kuonekana, ambazo kwa mwendo mdogo hazina sauti ya maana. Ulaya imelazimisha magari mapya ya umeme yatoe mlio ya bandia yakiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Huku kwetu, kwa sasa, ni macho.

Upepo na magari vina madhara mengine kwa mwenye muziki: vinamlazimisha kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba desibeli 80 unaweza kuzisikiliza saa 40 kwa wiki. Ukipanda mpaka 90, salama yako ni saa 4 tu kwa wiki. Anayetoka Kimara kuja chuoni na kurudi siku tano, akiwa ameipandisha ili ashindane na Barabara ya Morogoro, anazimaliza saa hizo kabla wiki haijaisha. Na usikivu ukipotea haurudi.

Kuna sauti nyingine ambayo watu hawaihesabu: baiskeli yenyewe. Fundi wangu huwa hanisikilizi maelezo, ananiambia endesha hapo mbele, naye anategea. Mlio unaokuja mara moja kila pedali ikizunguka, tatizo liko kwenye pedali, mkono wake au gololi za katikati. Unaokuja mara moja kila tairi likizunguka, angalia spoki, rimu au kitu kilichochoma tairi. Mnyororo mkavu hulia kama kifaranga. Breki zikikwaruza kama chuma juu ya chuma, mpira umeisha, na usisubiri wikiendi. Yote haya ni matengenezo madogo ukiyasikia mapema. Ukiwa na muziki utayajua siku mnyororo ukikatika.

Nimesema sana kuhusu usalama kwa sababu ndiko kwenye uzito. Lakini swali la muziki na sauti za asili lina upande wa pili, nao ni wa kichwa. Wengi tunaendesha tukitoka maktaba, ubongo umechoka, mtihani uko mlangoni, sapu inanukia. Mwaka 2010 watafiti wa Stockholm waliwapa watu hesabu za kichwa zenye presha, kisha wakawasikilizisha sauti mbalimbali wakati wa kupumzika. Walipima jasho la ngozi, ambalo huonyesha mwili umekaza kiasi gani. Waliosikia ndege na maji walirudi kwenye utulivu haraka kuliko waliosikia kelele za magari. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa wameshaeleza tangu miaka ya 1980 kwa nini iwe hivyo: umakini wa kulazimisha, ule wa kusomea, unachoka kama msuli, na unapumzika pale kitu kinapokuvuta kidogo bila kukudai. Majani yanayotikiswa na upepo yanakuvuta bila kukudai. Wimbo unaoupenda unakudai, unakutaka uuimbe.

Sasa tuwe wakweli kuhusu hizo sauti za asili za kwetu. Dar siyo msitu. Ukifungua masikio Ubungo saa mbili asubuhi utasikia honi, jenereta na matangazo ya dawa ya panya. Hicho ndicho walichokiita Stockholm kelele za magari. Anayekwambia ufungue masikio pale ili upumzike anakudanganya. Pale unafungua masikio ili ufike.

Lakini kutoka lango la chuo ukapita ndani, chini ya miti, mambo yanabadilika ndani ya mita mia mbili. Kunguru ndio wa kwanza, wale wa Kihindi walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakajaa pwani yote, na siwezi kusema wana sauti nzuri. Tetere wanafuata. Na ukibahatika, hasa kukiwa na mawingu, utamsikia dudumizi, yule ambaye wengine humwita tipitipi, sauti yake ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wazee wa pwani husema anaita mvua. Mimi nikimsikia nafunga begi vizuri.

Barabara ya Bagamoyo nayo, ukishaipita Mapinga na Kerege, kuna vipande vya dakika tatu nne ambavyo hakuna gari. Unasikia mnyororo, unasikia minazi, unasikia mtu akikata kuni mahali usipopaona. Hapo kichwa kinaanza kufanya kazi chenyewe. Mpangilio wa sura ya pili ya utafiti wangu ulinijia kati ya Zinga na Kiromo, baada ya wiki nzima ya kukaa mbele ya kompyuta bila kitu. Sidhani kama ungekuja na wimbo sikioni, kwa sababu wimbo ungeshaijaza ile nafasi.

Kwa hiyo mimi huwa sigawi safari kwa ladha. Naigawa kwa kuuliza nani yuko nyuma yangu. Palipo na magari, sikio ni la magari, mawili yote, hata kama sauti zenyewe ni mbaya. Pasipo na magari, naacha wazi kwa sababu nyingine kabisa. Muziki wangu unabaki sehemu mbili: kwenye baiskeli ya ndani pale jimu, ambako hata singeli naiweka mpaka mwisho, na jioni nikishafika, wakati napangusa vumbi kwenye mnyororo na kuupaka mafuta. Kwa kazi hiyo naweka rumba, lile sebene refu. Mnyororo una vipande kama mia moja na kumi, na sebene moja inatosha kuvimaliza vyote.